Anakuzidi sekunde tatu: ni wizi, au ni kanuni na maandalizi?

Swali: Shikamoo fundi. Nimemaliza msimu wangu wa kwanza katika mbio za magari za klabu. Gari langu ni dogo, lita 1.6 bila turbo, gari la kawaida la barabarani ambalo nimelifunga kizimba cha chuma na kiti cha mbio. Daraja letu linapangwa kwa uwiano wa nguvu na uzito. Kuna mwenzetu ana gari kama langu, la mwaka uleule, na kwenye mzunguko wa dakika mbili ananizidi sekunde tatu nzima. Watu wananong'ona kwamba amechakachua injini. Sasa kamati inaandika kanuni za msimu ujao na imetuomba wanachama maoni. Niseme nini ili mashindano yawe ya haki? Na gari langu niliandae vipi?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Nimekagua magari ya mbio miaka mingi, na kila msimu hakukosi jina linalonong'onwa. Wengi wa hao niliowafungulia injini kwa sababu ya minong'ono, niliwafungia tena huku nikiwaomba radhi. Wachache niliwakamata kweli, na karibu wote hawakuwa wale waliokuwa wakisemwa. Kwa hiyo tuanze na hizo sekunde tatu, kanuni zitafuata.

Chukua kalamu. Sekunde 3 katika 120 ni asilimia 2.5. Tuseme mwenzako anazipata zote kwenye injini. Gari likiwa limekanyagwa mafuta mpaka mwisho, muda haupungui sawasawa na nguvu inavyoongezeka, unapungua kwa kipeuo cha tatu. Maana yake, kuokoa asilimia 2.5 ya muda kunadai nguvu zaidi kwa kama asilimia 8, na hapo tumejifanya mzunguko mzima ni barabara iliyonyooka. Ukirudisha kona na breki mahali pake, nguvu inayotakiwa inapanda juu ya hapo sana. Injini ya lita 1.6 isiyo na turbo, iliyoongezewa nguvu kiasi hicho kwa siri, haifichiki kirahisi: utaisikia mlio wake, na utaona gari linavyokuacha mkitoka kwenye kona pamoja. Je, ndivyo anavyokuacha? Au mkifika mwisho wa barabara iliyonyooka mko sawa, na anakupotea kwenye kona?

Sasa linganisha na tairi. Kasi ya kona inafuata kipeuo cha pili cha mshiko. Ukipata tairi yenye mshiko zaidi kwa asilimia 10, kasi yako ndani ya kona inapanda karibu asilimia 5, na tairi hiyo inakusaidia pia kwenye breki na kwenye kuondoka. Ndiyo maana mimi nikisikia mtu anasema "yule ana injini", huwa nainama kwanza kuangalia alichovaa miguuni.

Halafu kuna dereva mwenyewe. Aliwahi kunijia kijana mmoja na malalamiko kama yako, ila yeye alikuwa na kinasa data cha GPS, na mpinzani wake alikubali kutoa data zake pia. Tukaweka mistari miwili ya kasi juu ya kioo kimoja cha kompyuta. Kwenye barabara iliyonyooka mistari ililaliana kabisa. Lakini kabla ya kila kona mstari wa kijana ulikuwa na bega dogo: aliachia mafuta, gari likatembea lenyewe kama mita thelathini hivi, ndipo mguu ukafika kwenye breki. Mpinzani hakuwa na bega hilo. Alitoka mafuta kuingia breki kama mtu anayezima taa. Kona kumi na moja, na kila kona imemeza robo ya sekunde. Kijana aliangalia kioo kwa muda mrefu, kisha akauliza kama kile kinasa data chake kinaweza kuwa kimeharibika.

Sisemi mwenzako ni malaika. Nasema usiende kwenye kamati na jina la mtu mfukoni. Nenda na swali moja, ulirudie kwa kila kifungu watakachokusomea: hiki tutakipima kwa nini, nani atapima, na saa ngapi? Klabu ya watu wa kujitolea ina mzani, ina geji, ina futi, na ina mafundi wawili watatu waliochoka jioni. Kifungu ambacho watu hao hawawezi kukipima kwa vifaa hivyo si kanuni, ni ombi. Na ombi humuumiza mmoja tu, yule anayelitii.

Uzito ndio mfano mzuri, kwa sababu kila mtu anaamini ni jambo jepesi. Mwaka fulani gari moja lilipita mzani asubuhi likiwa na kilo mbili zaidi ya kima cha chini. Jioni, baada ya mbio, likawa pungufu kwa kilo ishirini. Kelele zikaanza: ametupa vyuma njiani! Nilipouliza ametumia mafuta kiasi gani, jibu lilikuwa lita thelathini kasoro kidogo. Lita moja ya petroli ina uzito wa kama kilo 0.74. Lita thelathini ni kilo ishirini na mbili. Jamaa hakutupa kitu. Kanuni yetu ilisema "gari lisipungue kilo kadhaa" ikanyamaza, haikusema lini. Yeye aliisoma kwa asubuhi, wenzake kwa jioni, na wote walikuwa na haki kwa mujibu wa maandishi. Usiku ule tulibishana mpaka taa za uwanja zikazimwa.

Usidhani ni shida ya klabu ndogo. Mwaka 1984 timu ya Tyrrell kwenye Formula 1 ilikuwa na tangi la maji lililojazwa upya karibu na mwisho wa mbio, na maji yale yalikuwa na gololi ndogo za risasi, gari likaendeshwa jepesi sehemu kubwa ya mbio kisha likafika mzanini zito. Walifutiwa matokeo ya msimu mzima. Kwa hiyo maneno "mwisho wa mbio" peke yake hayatoshi, lazima useme pia kwamba hakuna kitu kitakachoongezwa. Mimi kifungu cha uzito ningekiandika hivi: gari pamoja na dereva na mavazi yake yote ya mbio, kama lilivyovuka mstari wa mwisho, bila kuongezwa mafuta, maji wala kitu kingine, lisipungue kilo kadhaa kwenye mzani wa klabu. Na mzani uwe wazi kwa wote tangu asubuhi, bure, mara nyingi utakavyo.

Angalia neno "mzani wa klabu". Mzani huo hata ukikosea kilo tatu, haidhuru, maadamu unamkosea kila mtu sawasawa na kila mtu alipata nafasi ya kuujua mapema. Usikubali mtu alete karatasi ya mzani wa kwingine. Na "pamoja na dereva" usikuache upotee: dereva wa kilo 60 na wa kilo 100 hawawezi kushindana kwa haki kama anayepimwa ni gari tupu. Hata Formula 1 ilichelewa kuliona hilo, ilianza kumpima dereva pamoja na gari mwaka 1995. Na ni tangu 2019 tu ambapo dereva na kiti chake walianza kuhesabiwa peke yao angalau kilo 80, na aliyepungua akaongezewa vyuma palepale kwenye kiti. Anayehitaji vyuma vya kuongeza uzito avifunge kwa boliti za kweli zilizopita kwenye bodi ya gari. Kipande cha kilo 20 kwenye mgongano wa mara ishirini ya uvutano kinavuta kama kilo 400, na mkanda wa plastiki haukijui kitu hicho.

Nguvu ni ngumu zaidi, na hapa ndipo daraja lenu lina ufa. Mnapima kwenye daino ya magurudumu, ile mashine inayopima nguvu gari likizungusha magurudumu palepale, sivyo? Daino mbili tofauti zitakupa namba mbili tofauti kwa gari lilelile. Hata daino moja, asubuhi ya baridi na mchana wa jua havilingani, na upepo wa tairi au jinsi ulivyoifunga mikanda ya kuzuia gari inatosha kuhamisha matokeo. Kisha kompyuta ya injini: ya leo inaweza kubeba ramani mbili, yaani mipangilio miwili ya mafuta na cheche, moja ya kwenda daino na moja ya kwenda uwanjani, na swichi yake ikawa kitufe cha kawaida cha redio. Mkaguzi wa kujitolea atakipata wapi kitufe hicho?

Kuna na kasoro ya pili ambayo si wizi kabisa. Mkiandika nguvu ya kilele tu, mnamzawadia mwenye injini tambarare. Tuseme magari mawili yote yana kilowati 110 kileleni. Moja linafika hapo injini ikiwa kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika tu, na chini ya hapo limelala. Lingine linashika kilowati mia na ushee kuanzia 4,500 mpaka 7,000. Kwenye karatasi ni sawa, kwenye lami hawaonani. Klabu nyingine zimeacha kilele zikachukua wastani wa nguvu kwenye eneo la mizunguko ambalo dereva analitumia kweli. Ni bora, ingawa bado uko palepale kwenye daino.

Ningekuwa kwenye kamati yenu ningependelea pete ya kubana hewa kwenye mdomo wa injini, yenye tundu la kipenyo kilichotajwa. Injini haiwezi kuchoma petroli nyingi kuliko hewa inayoingia, na hewa ikishafikia kasi ya sauti ndani ya tundu hilo haiongezeki tena, hata ukiisihi. Na kipimo chake ni kijiti cha chuma kilichokerezwa: kikipita kwenye tundu, umekosa, kisipopita, nenda kapumzike. Hakina ubishi. Najua utaniambia kuhusu timu ya rali ya Toyota mwaka 1995 kule Catalunya, Uhispania, walivyotengeneza pete ambayo ikifungwa garini inasogea na kuruhusu hewa kupita pembeni, na ikifunguliwa inaonekana safi. Ni kweli, na walifungiwa miezi 12. Lakini ile ilikuwa kazi ya kiwanda chenye wahandisi na bajeti. Kwenye klabu, kuziba mdomo wa pete kwa kiganja huku injini ikinguruma kunatosha: injini isipozimika, kuna mlango mwingine wa hewa, utafute.

Kama daraja lenu linaruhusu turbo, ulizia pia wanaichanganyaje na injini za kuvuta hewa zenyewe. Njia ya zamani ni kuzidisha ujazo: FIA, shirikisho la dunia la michezo ya magari, kwa miaka mingi imetumia 1.7 kwa petroli, kwa hiyo lita 1.4 yenye turbo inahesabiwa kama 2.38. Ni namba ya mapatano. Haijui kwamba uwanja mmoja uko usawa wa bahari na mwingine uko mlimani. Kila mita 1,000 za kupanda, injini isiyo na turbo inapoteza takriban moja ya kumi ya nguvu yake, wakati yenye turbo inajifidia sehemu kubwa. Klabu inayozunguka viwanja vya mwinuko tofauti kwa jedwali moja inajitafutia ugomvi.

Tairi sasa. Hapa sina huruma. Kanuni inayosema "tairi zisipungue daraja la uvaaji 200" inaonekana ya kisayansi, na si ya kisayansi. Ile namba iliyogandamizwa ubavuni kwa mfumo wa Marekani inatolewa na mtengenezaji mwenyewe, akilinganisha tairi yake na tairi ya marejeo yenye 100. Namba ikiwa kubwa, maana yake tairi ni ngumu na inaisha polepole. Kwa hiyo watengenezaji walipoona klabu zinadai 200, walitengeneza tairi laini kama mpira wa kufutia, wakaziandika 200, na wote tukaendelea kununua. Ukitaka haki, taja tairi moja kwa jina na saizi, kila mtu avae hiyo, na useme seti ngapi kwa msimu. Wakaguzi wazipige alama ya rangi au ya moto ukutani mwake. Bila hesabu ya seti, mwenye pesa atavaa mpya kila Jumamosi, na wewe utaishangaa injini yake. Tairi ikichoka kwa kupashwa na kupoa mara nyingi inapoteza mshiko hata kama bado ina unene mzuri, hilo macho hayalioni.

Nakuja kwenye kifungu ambacho wageni wanakichukia na mimi nakitetea: "kisichoruhusiwa kwa maandishi, kimekatazwa." Mbadala wake, kuandika vilivyokatazwa tu, ni kualika kila mtu mwenye akili atafute mlango uliosahaulika. Mfano wa kale ni wa klabu kabisa. Klabu ya 750 Motor Club ilianzishwa Uingereza mwaka 1939 kwa ajili ya watu wa kawaida wenye magari madogo ya Austin 7. Mwaka 1951 Colin Chapman, ambaye bado alikuwa kijana anayejenga magari yake ya Lotus pembeni ya kazi, aliona kwamba silinda za injini ile zinagawana milango ya kuingizia hewa mbili mbili. Akatengeneza njia ya hewa yenye ukuta mwembamba katikati, kila silinda ikapata njia yake. Kanuni haikukataza. Akawapiga wenzake vibaya sana, na klabu ikaandika kifungu kipya cha kumzuia. Je, alikuwa mwizi? Mimi nasema hapana. Alisoma kilichoandikwa. Aliyekosea ni aliyeandika.

Lakini kifungu hicho nacho kina makali ya pande mbili. Kikiachwa peke yake kinakataza hata vitu vya bei nafuu vinavyoiokoa injini. Chukua sampu, bakuli la oili chini ya injini. Kwenye kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja, bomba la kunyonyea linabaki hewani, na beringi za konrodi zinakufa kwa sekunde chache. Vipande vinne vya bati vilivyochomelewa ndani ya sampu vinaizuia oili isikimbie. Havikupi hata nguvu ya nusu farasi. Sasa kanuni ikisema "sampu iwe kama ilivyotoka kiwandani", nani anaumia? Si tajiri, yeye ana injini ya pili kwenye trela. Anayeumia ni wewe. Ndiyo maana ningewaomba kamati waandike orodha fupi ya vitu huru: bati za sampu, rejeta kubwa, mabomba ya breki ya chuma kilichosukwa, pedi za breki, kila kinachohusu usalama. Kupoza, kulainisha na kusimamisha gari viwe huru. Kuzalisha nguvu kubanwe. Mstari huo ukieleweka, maswali nusu yanajijibu.

Kuna watu wamejaribu kuleta haki kwa njia ya pesa badala ya ufundi, na nawapenda kwa ucheshi wao. 24 Hours of Lemons, mbio za magari chakavu zilizoanza Marekani mwaka 2006, inasema gari lisizidi dola 500, vifaa vya usalama havihesabiwi, na majaji wakiona umedanganya bei wanakupa adhabu ya mizunguko kabla hujawasha injini. Hawapimi, wanakutazama usoni. Inafaa kwa sababu kila mtu amekuja kucheka. Njia ya pili ni ya viwanja vya mviringo: yeyote aliyeshindana anaweza kuinunua injini ya mshindi kwa bei iliyotangazwa mapema. Hakuna atakayeweka utajiri ndani ya kitu ambacho jirani anaweza kukichukua kwa bei ya kutupa. Katika daraja lenu sidhani kama itafaa, mtagombana, lakini fikra yake ni nzuri.

Uzito wa adhabu kwa mshindi, yaani ukishinda unaongezewa kilo mbio zinazofuata, mimi siupendi kwenye klabu. Kwa televisheni sawa. Kwenye klabu unamwadhibu mtu aliyelala karakana akiandaa gari, na baada ya muda anajifunza kumaliza wa nne kwa makusudi.

Mwombe mwenyekiti mambo mawili ya utaratibu, hata kama yanaonekana madogo. Kwanza, kanuni zikishatangazwa zisiguswe mpaka msimu uishe isipokuwa kwa usalama, na mabadiliko ya msimu ujao yatoke mapema kiasi kwamba mtu hajanunua vifaa bado. Kanuni ya wastani inayokaa miaka mitatu ni ya haki kuliko kanuni nzuri inayobadilika kila mwaka, kwa sababu kila badiliko ni risiti mpya, na risiti mwenye pesa haimuumi. Anayeuliza maana ya kifungu ajibiwe kwa maandishi na jibu lisambazwe kwa wote siku hiyohiyo. Jibu la mdomoni kwa rafiki ndiyo dhuluma kubwa niliyoiona katika mchezo huu, kubwa kuliko kamshafti yoyote iliyochakachuliwa. Pili, pingamizi. Anayetaka injini ya mwenzake ifunguliwe aweke dhamana inayotosha gasketi na kazi ya fundi. Injini ikikutwa chafu, anarudishiwa na mkosaji analipa. Ikikutwa safi, dhamana inakwenda kwa mwenye injini, si kwa klabu. Dhamana ikiwa ndogo mno watu watafunguliana injini kwa chuki, ikiwa kubwa mno pingamizi inakuwa haki ya matajiri. Na mtu anayeshindana kwenye daraja fulani asikae kwenye meza inayoamua pingamizi la daraja hilo. Hata akiwa mwadilifu, atoke nje.

Gari lako basi.

Anza na breki, maana ndizo zitakazokuvunja moyo kwanza. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu wa hewani, kiwango kinachodaiwa kinashuka mpaka 155. Gari la barabarani halifiki huko kirahisi, gari la mbio linafika kabla ya mzunguko wa tano. Yakichemka, povu linajaa kwenye mabomba, na mvuke unabanwa pale ambapo mafuta hayabanwi: unakanyaga, pedo linashuka mpaka sakafuni, na kona iko palepale inakusubiri. Weka mafuta mapya mwanzo wa msimu, toa upepo kabla ya kila mbio, na chupa iliyofunguliwa mwaka jana imwage, usiihurumie. Kwa gari lako ningeweka pedi za mbio kabla ya kugusa chochote kwenye injini.

Nati za magurudumu zikaze kwa spana inayopima, si kwa kurukia. Baada ya kipindi cha kwanza cha mazoezi, rimu zikiwa zimepata joto, zirudie. Boliti zote muhimu za suspensheni na usukani zipige mstari mwembamba wa rangi, nusu kwenye boliti na nusu kwenye chuma kilichoshikwa. Nati ikilegea, mstari unavunjika, na unauona kwa tochi bila kushika spana. Mkaguzi akiliona gari lenye mistari hiyo anakagua kwa moyo mwingine, nakuambia kama mkaguzi.

Kizimba kiangalie vipimo kabla hawajakuangalizia. Kanuni za FIA, Kiambatisho J kifungu cha 253, zinadai nguzo kuu iwe bomba la chuma lisilo na mshono la milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0, na mabomba mengine 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Fundi wa madirisha anaweza kukuchomelea kizimba kinachopendeza kwa bomba la maji, na hutajua mpaka siku utakapopinduka. Popote kofia yako inapoweza kugusa bomba pawe na sponji ngumu ya mbio. Kiti cha kiwango cha FIA 8855-1999 kinahesabiwa miaka mitano tangu kutengenezwa, na mikanda nayo ina tarehe yake kwenye kibandiko. Soma vibandiko vyote leo, kwa sababu kila msimu namrudisha mtu nyumbani kwa ajili ya kibandiko. Kofia iliyowahi kudondoka kwenye saruji ipumzishe. Kizuizi cha shingo kivae hata mazoezini.

Mengine ni daftari. Kila ukiingia kutoka uwanjani, kabla hujavua glavu, pima upepo wa tairi zikiwa moto na uandike, pamoja na muda wako na hali ya hewa. Ukiwa na kurasa ishirini za namba hizo utajua gari lako linataka upepo kiasi gani, na hutahitaji kumuuliza mtu. Oili, maji, unene wa pedi, saa za injini, vyote humo. Usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja. Nimeona madereva wakibadilisha shokabu, tairi na pembe za magurudumu Ijumaa moja, wakachelewa kwa sekunde moja, na hawajui walaumu nini.

Kabla ya kikao cha kamati, omba mazoezi ya siku za katikati ya wiki na umfuate huyo mwenzako mwenyewe. Mwambie unataka akupakie upande wa abiria, au akuruhusu ukimbie nyuma yake mizunguko mitano bila kushindana. Watu wa klabu hukubali, wanapenda kuombwa. Ukiwa naye, acha kusikiliza injini. Angalia mguu wake wa kulia unavyohama kutoka mafuta kwenda breki, uangalie anaanza kukanyaga tena wapi kwenye kona ndefu, na ukishuka usome ubavuni mwa tairi zake zimetengenezwa wiki ya ngapi: zile tarakimu nne za mwisho, wiki kisha mwaka. Halafu nenda ukasome na zako.